Msimbo ukimezwa na kihariri, anza na &

Kwa wenzangu wa Nairobi mnaoandika makala za kuunganisha M-Pesa na tovuti: kabla ya kubandika msimbo upande wa HTML (lugha ya kurasa za tovuti) wa kihariri chako, badilisha alama tatu kwa mpangilio huu. Kwanza & iwe &amp;, kisha < iwe &lt;, halafu > iwe &gt;. Usiupindue. Ukimalizia na &, hata ile & iliyo ndani ya &lt; itageuzwa, na msomaji ataona &lt; badala ya <.

Kivinjari kikikuta < iliyogusana na herufi, hudhani tagi, yaani amri ya HTML, imefunguka. Ndiyo maana if (deni<kikomo) huishia kwenye "deni" na yanayofuata hayaonekani, mpaka > nyingine itokee mbele. Ukiacha nafasi baada ya < mara nyingi utapona, lakini mimi siwezi kuitegemea bahati hiyo. Ukishabadilisha, zungushia <pre><code> ili nafasi za mwanzo wa mistari zisibanwe. Kwa lugha ya Python hilo si urembo, kwani nafasi hizo ni sehemu ya msimbo wenyewe.

Usifanye haya ndani ya alama za msimbo za Markdown (mtindo wa kuandika kwa alama nyepesi badala ya tagi), wala upande wa kawaida wa kuandikia. Huko kihariri hubadilisha chenyewe, nawe utakuwa umerudia kazi.

Pia njia hii haitibu alama za kunukuu. Vihariri vingine hugeuza " ikawa “ iliyopinda, msomaji akinakili, Python inakataa papo hapo. Ugeuzaji huo uzime kwenye mipangilio ya kihariri.