Somo: Gitaa kavu la katawei au la bodi nzima? Anza na mkono wako wa kushoto

Wadau habari zenu. Leo tunaongelea kuchagua gitaa kavu, kati ya lile la katawei, yaani bega moja limekatwa pale shingo inapoingia kwenye bodi upande wa nyuzi nyembamba, na lile la bodi nzima lenye mabega yote mawili. Naandika hili kwa sababu naona vijana wengi wanaingia Kariakoo kununua gitaa la kwanza, mmoja anachukua la katawei kwa vile linaonekana la kisasa, mwingine analikwepa kwa vile kaambiwa linaua sauti, na wote wawili hawajajiuliza mkono wao wa kushoto unapanda mpaka freti ya ngapi (freti ni vile vyuma vilivyopangwa kwenye shingo, vinahesabiwa kuanzia kichwani). Hilo ndo swali lenyewe, mengine yanafuata.

Hatua ya 1: Jua unapofika

Chukua nyimbo unazopiga sasa hivi, zile za kweli, uangalie freti ya juu kabisa unayoigusa. Kama we ni mtu wa kuimba na kujisindikiza, au unapigia kwaya, utakuta mkono unaishia freti ya 5 mpaka ya 7 hivi. Hata ile staili ya kidole gumba na cha shahada, ya wapiga gitaa wa zamani kina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, na George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, ambayo ni ngumu kuliko inavyosikika, kazi yake kubwa iko huku karibu na kichwa cha gitaa. Watu hawa bodi nzima inawatosha kabisa.

Mtu wa solo ni habari nyingine. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, freti ya 12 unapata noti ya E, ya 15 unapata G, ya 17 unapata A, ya 20 unapata C. Sasa we unapiga sebene kwenye gitaa kavu, wimbo uko A, umeshazungusha laini yako kwenye freti ya 5 na unataka kuirudia oktavu ya juu, lazima uende ya 17, na kwenye bodi nzima hapo kiganja kimeshagonga bega. Afu kuna kitu watu wanasahau, kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Ukifunga kapo freti ya 5, kila kitu kinapanda freti tano, ile solo uliyokuwa unaipiga freti ya 12 imehamia ya 17. Kwa hiyo kuna mtu anajiona hapandi juu, kumbe kapo inampandisha kila Jumapili.

Hatua ya 2: Hesabu shingo inaungana na bodi kwenye freti ya ngapi

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yanaungana freti ya 14, ya klasiki ya nyuzi za nailoni yanaungana ya 12. Hizo freti mbili ni nyingi. Historia yake naipenda sana: mwaka 1929 kampuni ya Martin ya Marekani ilimtengenezea mpiga banjo mmoja, Perry Bechtel, gitaa ambalo shingo inatoka bodi freti ya 14 badala ya 12, kwa sababu alitaka nafasi zaidi ya mkono, na hapo ndo likazaliwa gitaa la OM (Orchestra Model). Yaani walianza kwa kusogeza shingo nje, bodi ikabaki nzima. Miaka mitatu baadaye, 1932, Selmer ya Paris ikaanza kutoa magitaa yaliyobuniwa na Mario Maccaferri, yenye bega lililokatwa, na ndo aina ya gitaa ambayo Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, alipigia solo zake. Kwa hiyo katawei toka zamani ni kifaa cha mpiga solo, na mtu akikwambia ni urembo tu usimsikilize.

Kwa vitendo: bodi nzima ya freti 14, nyuzi nyembamba unafika 15 au 16 bila kuhangaika sana. Ya katawei unafika 19 au 20. Bodi nzima ya freti 12, toa mbili.

Hatua ya 3: Kaa nalo dukani

Usilishike umesimama kama unapiga picha, kaa kwenye kiti, liweke pajani kama unavyokaa nyumbani, panda freti moja moja kwenye uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka uone mkono unaanza kupinda vibaya. Angalia na kisigino cha shingo, ule ubao mnene nyuma pale shingo inapokutana na bodi. Katawei haiondoi kisigino, na yapo magitaa ya katawei yenye kisigino kinene mpaka gumba halina pa kukaa, unakuwa umelipia mkato usioutumia. Ukiwa huko huko juu bonyeza kila freti na usikilize, maana magitaa ya bei ya chini nyuzi zikiwa juu sana huko mwisho zinakata vidole na tyuni inapanda, au nyuzi zinavuma kwa kugusa freti ya mbele yake. Freti za juu zikiwa mbovu katawei haina kazi.

Hatua ya 4: Sikiliza, kwa haki

Sauti ya gitaa kavu inatoka zaidi kwenye ubao wa juu, hasa ile sehemu pana nyuma ya tundu lilipokaa daraja (kile kipande cha mbao nyuzi zinapofungwa), nyuzi zinatikisa daraja na daraja linatikisa ubao. Pale begani ubao umebanwa na mbao za ndani na juu yake imegundishwa ncha ya shingo, kwa hiyo hata kabla hapajakatwa hapakuwa panatikisika sana. Kinachopungua ni hewa kidogo ndani ya boksi na besi inaweza kupungua kidogo. Kidogo kweli. Ubao, saizi ya bodi na nyuzi ulizofunga vinabadilisha sauti kuliko huo mkato. Ukitaka kulinganisha, mpe mwenzio apige we ukae mbele, na yawe magitaa ya saizi moja na ubao wa aina moja, maana kulinganisha drednoti, yaani lile gitaa la bodi kubwa na nene, la bodi nzima na gitaa jembamba la katawei afu ukasema katawei haina besi, hapo umepima unene wa bodi.

Hatua ya 5: Hela

Kukunja ubao wa ubavuni kufuata ule mkato ni kazi ya ziada, kwa hiyo magitaa mawili ya kampuni moja, kiwango kimoja, la katawei kwa kawaida linazidi bei, na mara nyingi limeshawekewa pikapu ndani, yaani kinasa sauti cha kuchomeka kwenye spika. Soma herufi kwenye jina: Fender CD-60S ni bodi nzima, CD-60SCE ina katawei na umeme. Yamaha FG800 ni nzima, FGX800C ina vyote viwili. Kama hela yako inafika la katawei lenye ubao wa juu wa plaiwudi au la bodi nzima lenye ubao wa juu wa mti mmoja, na mkono wako hauvuki freti ya 12, chukua la mti mmoja. Utalijua ukichungulia ukingo wa tundu: mistari ya mti inashuka moja kwa moja, haina matabaka.

Maswali ya wadau

Swali: Mwalimu mi napiga mkono wa kushoto, huwa nageuza gitaa la kawaida nabadilisha nyuzi. Nichukue katawei?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Ukiligeuza, mkato unahamia juu upande wa nyuzi nene na bega zima ndo linakuja chini pale mkono unapohitaji nafasi. Jimi Hendrix aligeuza Stratocaster, lakini ile ni ya umeme na imekatwa pande zote mbili. Tafuta gitaa la mkono wa kushoto lililotengenezwa hivyo, au geuza la bodi nzima, hilo halina hasara upande wa bega, ila daraja na nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale kichwani) itabidi fundi avirekebishe.

Swali: Niko Mombasa, niko na gita poa sana ya bodi nzima, fundi wa mbao anasema anaweza nikatia cutaway. Nimwachie?

Jibu: Usimwachie kabisa. Ubavu wa gitaa umekunjwa kwa moto ukiwa mzima, ndani kuna mbao za kushikilia, na hapo hapo begani ndo shingo imejishika. Akikata anatoboa boksi na anadhoofisha kiungo cha shingo. Uza hilo ununue lingine.

Swali: Kaka mi napiga kanisani, nahitaji la kuchomeka kwenye miksa, na yote ninayoyaona yana katawei. Ni lazima?

Jibu: Sio lazima. Yapo ya bodi nzima yenye umeme, mfano Taylor 114e, lenye mkato linaitwa 114ce. Au nunua pikapu ya kubana kwenye tundu, unaiweka kwenye gitaa ulilonalo. Kuhusu ule mluzi wa spika, katawei haiuondoi, ziba tundu kwa kifuniko cha mpira na usisimame mbele ya spika.

Swali: Kuna mkato wa mviringo na wa ncha kali, upi unafika juu zaidi?

Jibu: Kwa mkono wako karibu sawa. Ule wa ncha ubavu unakatwa na kuungwa pale kwenye ncha, kazi yake ni kubwa zaidi kwa fundi. Chagua unaoupenda macho, ila kagua kiungo cha ncha kama gundi imeshika vizuri.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mtoto wangu ana miaka 9, anaanza, nimnunulie lipi?

Jibu: Marahaba. Kwake katawei isikusumbue kabisa, angalia saizi, chukua dogo la nyuzi za nailoni ambalo mkono wake wa kulia unazunguka bodi bila bega kupanda, na vidole vinafika freti ya kwanza bila kujivuta. Akianza kukuomba solo njoo tena tuongee.