Kuchora ramani ya mahame kabla ya viwanja kupimwa: mfano wa pwani ya Kilwa

Magofu ya visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kusini mwa Tanzania, yamo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na hakuna afisa mipango atakayekata viwanja juu ya Msikiti Mkuu. Shida iko ng'ambo, bara, chini ya mikorosho na minazi. Huko watu waliishi karne nyingi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo hazikuacha magofu ya kupiga picha. Makazi hayo yaliyohamwa ndiyo mahame, na ramani tunayoitengeneza humwonyesha mpangaji wapi pakaguliwe kwanza.

Hatua ya 1: Kusanya yanayojulikana

Anza na ripoti za uchimbaji, zikiwemo za mwanaakiolojia Neville Chittick za miaka ya 1960, ramani za zamani na picha za setilaiti. Ziingize zote kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani. Angalia mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali nukta ilipo: ramani nyingi za zamani za Tanzania ni za Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Ukizichanganya, nukta inahama takriban mita 300, na kisima kinaweza kujikuta baharini.

Hatua ya 2: Kaa na wenyeji

Pita kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Usiulize "magofu", utajibiwa hakuna. Uliza: "Mzee, mahame ya huku yako wapi?" Ulizia visima vilivyojengwa kwa mawe, makaburi yasiyo na mwenyewe, mahali pa mizimu, na mashamba ambako jembe linaibua vigae (vipande vya vyungu) au mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma). Akina mama wanaopalilia hujua zaidi, nao ndio husahaulika kuitwa kikaoni.

Hatua ya 3: Pa alama

Gawa eneo katika miraba ya mita 100 kwa 100. Kila mraba upate alama kwa ukaribu wa maji baridi, mkono wa bahari unaoingilika kwa ngalawa, udongo unaolimika, mibuyu mikubwa, na mahame yaliyotajwa na wenyeji. Kwa maji mimi huanza na umbali wa nusu kilomita, kisha narekebisha baada ya kutembea. Usiiachie programu ijifunze kutokana na maeneo yaliyokwisha kurekodiwa peke yake. Watafiti walifuata barabara na kuta za mawe, kwa hiyo itakurudishia barabara na kuta za mawe.

Hatua ya 4: Tembea

Nenda mashamba yakishasafishwa, hasa baada ya mvua za mwanzo kuosha udongo. Jipangeni mstari, mtu na mtu mita 10, macho chini. Kitu cha kwanza kutafuta ni bonge la udongo lililoiva kwa moto, jekundu, lenye mifereji upande mmoja: hizo ni alama za fito za ukuta ulioungua. Kigae chenye pembetatu zilizochorwa kwa mikwaruzo karibu na mdomo wa chungu kinakupeleka karne ya 7 hadi ya 10. Piga picha, chukua majiranukta, kiache hapo hapo.

Tembelea pia miraba yenye alama ndogo, ichaguliwe kwa bahati nasibu. Kazi hii inachosha na wafadhili hawaipendi, lakini bila hiyo hutajua kama ramani yako ina ukweli wowote. Na mraba ambao haujatembelewa uwe na rangi yake, kijivu, usichanganywe na mraba uliotembelewa ukakosa kitu.

Hatua ya 5: Kabidhi kwa lugha ya mpangaji

Afisa mipango hahitaji kujua pembetatu za vyungu. Mpe kila mraba rangi na agizo lake. Nyekundu: mpima asipige bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) kabla ya uchimbaji wa majaribio. Njano: eneo litembewe kwanza. Kijani: kazi iendelee, ila kikionekana kitu isimame na taarifa itolewe. Mkumbushe kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, yawe yamezungushiwa uzio au la.

Ramani ya kubandika ukutani ionyeshe miraba tu. Nukta kamili zibaki kwenye faili la Idara ya Mambo ya Kale na la afisa husika, kwa sababu wapo wanaosaka rupia za Mjerumani usiku na sururu, na kwao kila nukta kwenye karatasi ya serikali ni hazina. Faili hilo lifike halmashauri kabla mchoro wa mipango miji haujapitishwa. Vikishauzwa viwanja, kazi yako inakuwa ya kuokota vigae kwenye mitaro ya misingi.