Anza na dole gumba: wimbo wa hadithi kwa gitaa kavu

Vijana wa kwaya hapa Pasua, Moshi, wakija kwangu kujifunza, mkono wa kulia unakuja umeshazoea kucharaza, yaani kupitisha mkono nyuzi zote kwa mpigo. Kwa pambio ni sawa. Wimbo wa hadithi ukiucharaza hivyo unafunika maneno, na watu wamekuja kusikia maneno.

Mimi huwaanzishia House of the Rising Sun, wimbo wa kale wa Marekani ambao mtunzi wake hajulikani. Clarence Ashley aliurekodi mwaka 1933, The Animals wakauvumisha mwaka 1964. Kodi zake, yaani mafungu ya sauti zinazolia pamoja: Am, C, D, F, Am, C, E, E, Am, C, D, F, Am, E, Am, E. Basi.

Kodi ziache kwanza. Piga besi peke yake kwa dole gumba, ukihesabu uzi mwembamba kuwa wa kwanza: Am ni uzi wa tano mtupu (usioubonyeza), C ni huohuo freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), D uzi wa nne mtupu, F wa nne freti ya tatu, E wa sita mtupu. Unasikia inavyopanda? Imba juu yake, hata kwa kunong'ona, mpaka ubeti uishe dole halijasita. Wengi huliruka hili kwa sababu halina mbwembwe, ndiyo maana wakianza kuimba mkono unasimama.

Sasa ongeza vidole. Kila kodi ina hesabu sita: besi, uzi wa tatu, wa pili, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ya kwanza ipige kwa nguvu, na ya nne kidogo.

Mkono wa kushoto, usiinue kisicho na safari. Kutoka Am kwenda C anahama kidole cha pete tu, kutoka uzi wa tatu hadi wa tano, wenzake watulie. Am kwenda E, umbo lote linasogea uzi mmoja kuelekea nyuzi nene. Kazi iko D kwenda F, hapo vyote vinahama. Rudia hizo mbili tu, polepole, hata jirani akinuna. F ndogo inatosha: kidole cha shahada kilaze juu ya nyuzi mbili nyembamba, freti ya kwanza.

Sauti yako ikitaka juu zaidi na huna kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni), funga penseli kwenye shingo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kaza sana, la sivyo nyuzi zitakoroma.