Jinsi ya kuandika washkaji wakitaniana kuhusu msosi na uandishi

Kama unaandika stori fupi na washkaji humo ndani wanataniana alafu maneno yanatoka makavu, mara nyingi shida ni kwamba umewapa matusi badala ya utani. Utani mtamu unamshika mtu kwenye kitu anachokipenda, ndo maana chakula ni pazuri pa kuanzia.

Kila mmoja mpe msosi anaoupenda kufa na mwingine asiotaka hata kuusikia. Usiandike "hapendi mlenda" ukaishia hapo, ingia jikoni kabisa, mlenda uliotiwa magadi na karanga, tonge la ugali linapanda na uzi unalifuata mpaka kidevuni, jamaa wa Dodoma anaukata kwa kidole anaendelea kula zake, mshkaji wake wa Bukoba kageuka pembeni. Jibu liko tayari: "We mla panzi ndo unanigeuzia uso mie?" Maana senene wale, wakishanyofolewa mbawa na miguu wakakaangwa, Mhaya wa Bukoba humwambii kitu.

Alafu changanya na tabia zao za kuandika, hapo ndo panakolea. Yupo anaeandika usiku tu na kahawa chungu na kashata pembeni, yupo anaeandika kwenye simu akisubiri chipsi mayai, na yupo yule anaefuta aya moja kutwa nzima. "Kashata imeisha, stori bado ina mstari mmoja!" Msomaji kashamjua huyo mtu, huna haja ya kuongeza kwamba ni mzito wa kuandika.

Anaechomwa lazima nae apate zamu ya kuchoma, ukimbebesha mmoja tu inakuwa uonevu na msomaji atamhurumia badala ya kucheka. Waache wakatizane, na "alisema" punguza.

Hili la makabila kuwa nalo makini sana. Wachaga na Wapare wanarushiana maneno makali kwasababu ni watani wa siku zote, lakini maneno yaleyale akiyasema mgeni ni dharau tupu. Kwahiyo onyesha ukaribu wao kwa vitendo, yule anaecheka mlenda wa mwenzie ndo huyohuyo anamsogezea bakuli la kachumbari bila kuombwa.

Ukimaliza tafuta mtu msome kwa sauti, kila mtu na upande wake. Mstari ambao ulimi unajikwaa ukate, na ule uliomchekesha kabla hajaumaliza usiuguse tena.