Namna ya Kupanga Gharama za Kipimo cha Vinasaba vya Mbwa na Paka Ukiwa Unguja au Pemba

Wafugaji wa mbwa wa ulinzi wa Fuoni na Mbweni, pamoja na wenye paka wa Kiajemi hapa mjini, huniuliza swali moja: kipimo cha vinasaba ni shilingi ngapi? Mimi ni daktari wa mifugo, na kabla ya kutaja bei huwarudishia swali jengine: ukishapata majibu, utafanya nini ambacho leo hukifanyi? Asiye na jawabu la swali hilo namshauri fedha zake abaki nazo, kwa sababu kipimo hiki hakimtibu mnyama. Kazi yake ni kumsaidia mwenyewe kuamua nani azalishwe, nani asizalishwe, na dawa gani ziepukwe.

Hatua ya kwanza: chagua ugonjwa, usichague kifurushi

Kampuni za Marekani na Ulaya huuza vifurushi vinavyopima mamia ya kasoro za vinasaba kwa pamoja, na bei yake kwa mbwa mmoja huwa baina ya dola 100 na 200. Nyingi ya kasoro hizo ni za aina za mbwa ambao huku hatuwaoni. Maabara za vyuo vikuu hupima kasoro moja moja kwa takriban dola 50, na mara nyingi hiyo moja ndiyo unayoihitaji.

Kwa paka wa Kiajemi, kipimo cha maana ni cha ugonjwa wa mafigo kujaa vifuko vya maji, unaotokana na kasoro katika jeni ya PKD1 ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliitambua mwaka 2004. Kasoro hii ni tawala: nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuleta ugonjwa, na kwa wastani nusu ya watoto wa mzazi huyo watauchukua. Paka huonekana mzima kwa miaka mingi, akazaa matumbo kadhaa, na mafigo yakaja kufeli watoto wake walishauzwa.

Kwa German Shepherd, linalofaa kupimwa ni tatizo la uti wa mgongo linaloanza mbwa akiwa na umri wa miaka minane au zaidi, miguu ya nyuma ikaburura mpaka akashindwa kusimama. Jeni yake, SOD1, ilitambuliwa mwaka 2009. Ulegevu wa nyonga, ambao ndio wafugaji wengi wanaouogopa, hauna kipimo cha jeni moja kinachoutolea hukumu. Huo hutazamwa kwa picha ya eksirei.

Na mbwa wetu wa kienyeji? Sishauri kabisa. Fedha hizo zielekee kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe, maana kupe ndio wanaowaua kwa wingi kuliko kasoro yoyote ya kurithi.

Hatua ya pili: amua ni mnyama gani apimwe mwanzo

Hapa ndipo fedha nyingi zinapookolewa. Kasoro ya SOD1 ni fiche, yaani mtoto huwa hatarini endapo tu amerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo mwenye dume mmoja na majike watatu asikimbilie kuwapima wote wanne. Ampime dume. Dume akitoka safi, yaani hana nakala hata moja ya kasoro, hakuna mtoto wake atakayepata nakala mbili, hata kama majike yote ni wabebaji, yaani wenye nakala moja. Dume akitoka mbebaji, hapo ndipo majike wapimwe, kwa sababu wabebaji wawili wakipandishwa, kwa wastani robo ya watoto hupata nakala mbili.

Kwa paka na kasoro ya PKD1 njia hii ya mkato haipo. Kila mzazi apimwe.

Hatua ya tatu: andika gharama zote kabla ya kulipa

Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,600. Wewe tumia bei ya siku. Kipimo cha dola 50 ni shilingi 130,000. Ongeza makato ya benki kwa malipo ya nje, kisha usafirishaji, na huu kwa kampuni za haraka mara nyingi hupindukia bei ya kipimo chenyewe. Tuseme bahasha moja inakutoza shilingi 200,000: mbwa mmoja amekwishafika 330,000. Lakini vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli mdomoni ni vyepesi, na bahasha ya mnyama mmoja hubeba wanne. Wafugaji wanne wakishirikiana, kila mmoja atalipa 130,000 na sehemu yake ya 50,000, jumla 180,000. Mfugaji wa Wete au Chake Chake azidishe nauli ya boti, au amkabidhi msafiri anayemwamini aje nayo Unguja.

Hatua ya nne: chukua sampuli kwa uangalifu

Mnyama asile kwa muda wa saa moja, na mtoto anayenyonya atengwe na mama yake, kwani maziwa hubeba vinasaba vya mama. Vaa glovu, kwa wengi wetu mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na glovu inamwondolea msaidizi wako kisingizio cha kukaa mbali. Sugua kijiti ndani ya shavu kwa nusu dakika ukikizungusha, kisha kiache kikauke kivulini, na ukitie katika bahasha ya karatasi. Nailoni hapana. Msimu mmoja wa masika niliharakisha, nikatia vijiti vibichi katika mfuko wa plastiki, na vilipofika vilikuwa vimeota ukungu. Maabara ilikubali kurudia bila ya malipo, lakini bahasha ya pili niliilipia mwenyewe.

Andika juu ya bahasha namba ya chipu ya mnyama, ile ya utambulisho inayotiwa chini ya ngozi, si jina lake tu. Mnunuzi hana namna ya kujua kwamba Simba aliyepimwa ndiye Simba anayeonyeshwa.

Hatua ya tano: uliza ruhusa kabla ya kutuma

Soma masharti ya maabara kuhusu sampuli za kutoka nje ya nchi yao, kisha fika ofisi ya mifugo uulize karatasi zinazohitajika kwa upande wetu. Wenye kasuku wa kijivu wawe waangalifu zaidi: tangu mwaka 2017 ndege huyo yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na hata unyoya wake kuvuka mpaka ni jambo la kibali.

Hatua ya sita: soma majibu kama yalivyo

Nakala mbili za SOD1 maana yake ni hatari kubwa zaidi, si hukumu. Wapo mbwa wa aina hiyo wanaokufa kwa uzee wakitembea vizuri. Usimtupe mbwa kwa ajili ya karatasi. Mbebaji naye anaweza kuzalishwa, ilimradi mwenziwe awe safi.

Wazazi wote wawili wakiwa safi kwa kasoro hiyo, na nasaba ya watoto haina shaka, watoto hawahitaji kupimwa tena. Toa nakala ya majibu ya baba na mama, zenye namba za chipu, umpe kila mnunuzi. Nakala mbili za karatasi huko Darajani hazimalizi hata shilingi elfu moja.