Kuchagua sintesaiza kuukuu ya raki ukiwa Kisumu au Nakuru: anza na stima, malizia na sauti

Watu wengi huchagua sintesaiza ya raki, yaani mashine ya kutoa sauti za muziki isiyo na kibodi yake, kwa sikio. Wanasikiliza video tatu, wanapenda besi fulani, wanatuma pesa. Mashine inafika Kisumu ikiwa na plagi ya Japani, inachomekwa ukutani kupitia adapta ya bei ya soda, na ndani ya sekunde moja imegeuka chuma. Mwongozo huu unapanga hatua kwa mpangilio ambao makosa ghali hutokea, si kwa mpangilio wa utamu wa sauti.

Hatua ya 1: Amua raki inakuja kufanya kazi gani

Roland yenyewe huuza JV-1080 kama programu, na Korg huuza M1 vilevile. Kama laptop yako ina nguvu na kazi yako ni kupiga biti ukiwa umeketi, nunua programu na usisome zaidi.

Raki inafaa katika hali mbili. Ya kwanza, laptop ni nzee na inaanza kukwaruza ukifungua plagini ya tano. Raki inabeba voisi zote, yaani sauti zinazolia kwa wakati mmoja, nje ya kompyuta. Ya pili ni shoo. Bendi ya ohangla inayopiga harusi au disko matanga mpaka alfajiri haitaki kuona Windows ikijisasisha saa nane usiku. Raki ikiwashwa inakuwa tayari kwa sekunde chache, na stima ikikatika kisha ikarudi, inarudi nayo.

Hatua ya 2: Punguza orodha ibaki mashine mbili

Kwa prodyusa wa huku, pendekezo la kwanza ni Roland JV-1080 ya mwaka 1994. Ina voisi 64, sehemu 16 za MIDI (lugha ya mawasiliano ya vyombo vya muziki vya kielektroniki) na nafasi nne za kadi za SR-JV80 za kuongeza sauti. Hizo voisi 64 zisikudanganye. Sauti moja inaweza kutumia toni nne, yaani tabaka nne, na kila toni inakula voisi yake. Hesabu mpangilio wa kawaida: piano noti 4 za toni 2 ni voisi 8, nyuzi noti 4 za toni 4 ni 16, tarumbeta noti 3 za toni 3 ni 9, besi 2, ngoma 8, sauti ya kujaza nyuma 16. Jumla ni 59, na bado hujahesabu mikia ya noti ulizoachilia. Ndiyo maana besi humezwa katikati ya kibwagizo. Dawa iko ndani ya mashine: kwenye Performance, yaani mpangilio wa sauti nyingi pamoja, tafuta Voice Reserve, uzipe besi na ngoma akiba yao kabla ya kitu kingine.

Kuna mtego mwingine wa JV-1080 unaowafanya watu waseme mashine ni mbovu. Sauti inang'aa ukiwa kwenye Patch, yaani sauti moja peke yake, ukiipeleka kwenye Performance inakauka. Haijaharibika. Athari kubwa ya EFX iko moja tu kwa sehemu zote 16, na ni lazima uchague itachukua mipangilio ya sauti gani. JV-2080 ya mwaka 1997 ina EFX tatu na nafasi nane za kadi, lakini voisi ni 64 zilezile. XV-5080 ya mwaka 2000 ina voisi 128 na inapokea kadi nne za SR-JV80 pamoja na nne za SRX. Kadi za SRX haziingii kabisa kwenye JV, kwa hivyo soma jina la kadi kabla ya kulipa.

Kadi ya SR-JV80-05, World, huwavutia wengi wakitumaini watapata orutu, fidla ya uzi mmoja ya Waluo. Achana na ndoto hiyo. Mchezaji wa orutu yuko karibu na wewe kuliko kadi, mwekee maikrofoni.

Pendekezo la pili ni Yamaha TX81Z ya mwaka 1987, ndogo, ya kimo cha U moja kwenye raki, FM ya opereta nne (mawimbi manne yanayotikisana kutengeneza sauti), voisi 8. Kwa besi kavu inayochomoza katikati ya magitaa mawili ya benga, haijashindwa na mashine kubwa. Inasoma pia sauti za DX21, DX27 na DX100, kwa hivyo maktaba yake ni kubwa. Na ina jambo ambalo wengi hawalitumii: unaweza kusogeza tuning ya kila noti kwa hatua za takriban senti 1.6 (kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata ni senti 100). Ukirekodi nyatiti iliyofungwa nyuzi zake nane kwa sikio la mwenyewe, unaifuatisha TX81Z nyatiti, si kumlazimisha mzee akaze nyuzi zifuate piano. Ubaya wake ni mvumo wa chinichini kwenye sauti inayotoka. Kwa besi hutausikia. Kwa sauti laini za taratibu utausikia kila noti inapoishia.

Zilizobaki kwa kifupi. Korg M1R ina piano na ogani zinazojulikana duniani, ila voisi ni 16, na ukitumia sauti za Double (mbili kwa kila noti) unabaki na noti nane. E-mu Proteus/1 ya mwaka 1989 ina voisi 32 na sehemu 16, lakini haina filta ya kufifisha au kung'arisha sauti, hivyo rangi ya sauti unaichukua ilivyo. Oberheim Matrix-1000 ni analogi tamu ya voisi sita, lakini huwezi kutengeneza sauti kwa vitufe vyake vya mbele, na kila voisi inategemea chipu ya CEM3396. Chipu hiyo ikifa, hakuna duka la spea Oginga Odinga Street litakalokuokoa. Kama hii ndiyo raki yako ya kwanza, iache.

Hatua ya 3: Soma kibandiko cha stima kabla ya kitu kingine

Geuza mashine, au mwambie muuzaji apige picha ya nyuma. Utaona 100V kwa zilizouzwa Japani, 117V au 120V kwa za Marekani, 220V mpaka 240V kwa za Ulaya na Uingereza. Mashine nyingi za enzi hizo hazijirekebishi kama chaja ya simu. Kama kuna ya 230V au 240V kwa bei iliyozidi kidogo, chukua hiyo. Tofauti ni bei ya transfoma na usingizi wako.

Ukiangukia ya 100V, stepdown (transfoma ya kushusha volti) ya kawaida ya 110V haitoshi. Stima yetu ni 240V, lakini nyakati nyingine hupanda. Ikifika 255V, transfoma ya 240 kwa 110 itatoa karibu 117V, na mashine ya 100V imezidishiwa asilimia 17. Haitalipuka siku hiyo. Regileta zitachemka, kapasita zitakauka polepole, na baada ya miezi utasikia mvumo. Tafuta transfoma inayotoa 100V, au fundi anayesuka transfoma akusukie moja. Mashine ya Marekani inakubali ya 110V bila shida.

Ukubwa: jumlisha wati zilizoandikwa kwenye mashine zote, zidisha kwa tatu. Raki tatu za wati 20 ni 60, kwa hivyo nunua ya wati 200 au zaidi, kwa sababu za bei nafuu mara nyingi hujisifu kupita uwezo wake. Tanguliza kifaa cha kukinga TV au friji, kile kinachokata stima ikipanda na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuirudisha. Pigo kubwa huja stima inaporudi, si inapokatika.

Fyuzi ikikatika, weka ya kipimo kilekile kilichoandikwa. Fundi akikufungia uzi wa waya ya shaba "kwa sasa", mnyang'anye mashine.

Hatua ya 4: Mwombe muuzaji vitu vitano

Picha ya kibandiko cha nyuma. Picha ya skrini ikiwa imewashwa gizani, uone kama taa yake imefifia. Video ya kuwasha tangu mwanzo, bila kukatwa, ili ujumbe wa betri ukitokea uuone. Video akibonyeza kila kitufe mara moja. Video ya sauti ikitoka pande zote mbili. Muuzaji wa Japani akiandika "janku", maana yake ni mbovu au haijapimwa, hata kama inang'aa kama mpya. Kwenye bei ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Raki ni chuma, na hewani unalipia kilo.

Hatua ya 5: Ikague mezani

Iache ipumzike nusu siku kabla ya kuiwasha, hasa Kisumu, ambako unyevu huganda ndani ya chuma kilichotoka kwenye ubaridi. Kisha washa na uiache saa moja; hitilafu za joto hazionekani dakika ya tano. Piga kila noti kuanzia chini hadi juu kwa sauti kubwa na ndogo. Tikisa kila jeki ya nyuma sauti ikiwa inatoka: ikikatikakatika, lehemu imepasuka, na hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Kitufe kinachobonyezwa mara moja kikajibu mara mbili kimechakaa. Vingi ni vile vidogo vya milimita 6 kwa 6, na fundi wa redio anavyo au anaweza kuving'oa kwenye ubao wa TV mbovu. Gurudumu la kuchagua likirukaruka, jaribu kwanza dawa ya kusafishia kontakti, mashine ikiwa imezimwa. Nakuru adui ni vumbi. Kisumu ni unyevu na sami, wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku na kufia ndani. Funika raki ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka usizibe matundu.

Hatua ya 6: Badilisha betri kwa mpangilio huu

Ndani mara nyingi kuna CR2032 ya volti 3, inayoshika sauti ulizotunga. Ipime kwa mita. Ikiwa chini ya 2.7, usingoje. Kwanza hifadhi kila kitu kwenye kompyuta kwa SysEx, yaani jumbe za MIDI zinazobeba mipangilio ya mashine, ukitumia programu ya MIDI-OX au SysEx Librarian. Kisha chomoa stima, ndipo ufungue. Kama betri imelehemiwa, ing'oe na ulehemu kishikio. Usiguse betri yenyewe kwa moto wa kulehemu, inaweza kupasuka.

Ukirudisha sauti zikakataa, chunguza mambo matatu: Memory Protect iwe imezimwa, mashine iwe inapokea SysEx, na Device ID (namba ya utambulisho wa mashine) ilingane na ya faili. JV hutoka kiwandani ikiwa na 17. Yote yakiwa sawa na bado inakataa, mara nyingi kosa liko kwenye kebo ya USB-MIDI ya bei rahisi: hupitisha noti vizuri lakini hukata jumbe ndefu. Ongeza pengo la milisekunde 100 kati ya jumbe. Ikishindikana, azima intafesi yenye MIDI ya pini tano.

Hatua ya 7: Iunganishe

OUT ya kibodi au intafesi huingia IN ya raki. Kwenye kebo nyingi za USB, kichwa kilichoandikwa IN ndicho kinachoingia OUT ya kifaa, kwa hivyo ikiwa kimya, badilisha vichwa kabla ya kulaumu mashine. Ukisikia mvumo mzito wa 50 Hz, chomeka raki, laptop na spika kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka DI (kisanduku cha kuunganishia sauti) yenye transfoma kati ya raki na mikseta. Pini ya ardhi usiikate kamwe.

Kuita sauti za JV-1080 kutoka kwenye programu ya kurekodia, tuma jumbe za MIDI za kuchagua benki: CC0 yenye thamani 80 na CC32 yenye thamani 0 kwa benki ya User. Kwa Preset A tuma 81 na 0, B ni 81 na 1, C ni 81 na 2. Ukiita namba 24 ikaja 25, programu yako inahesabu kuanzia sifuri. Punguza moja.