Chunusi za Kijana: Wakati wa Kumpeleka Hospitali

Wazazi wengi huhesabu chunusi. Idadi si kipimo kizuri. Kijana anaweza kuwa na chunusi hamsini za vichwa vyeusi puani na kwenye paji la uso, vikaisha bila kuacha alama. Mwingine ana chunusi nne tu kwenye taya, na zote zikamwachia mashimo ya kudumu. Kinachoamua ni kina: chunusi ikishuka chini kwenye ngozi, inaharibu nyama inayoishikilia ngozi hiyo, na kovu linaanza kabla usaha haujatoka.

Mkalishe mwanao karibu na dirisha asubuhi, mwanga umpige kwa upande. Mwanga wa ubavuni huonyesha mashimo na vinundu ambavyo taa ya dari huvificha. Kisha, akikubali, pitisha ncha ya kidole kwenye shavu na taya bila kubonyeza. Chunusi nyepesi iko juu juu, kama punje ya mtama. Ile mbaya pengine huioni vizuri kwa macho. Utaihisi chini, ngumu, ukubwa wa harage, na mwanao atashtuka ukiigusa. Mwombe pia avue shati. Wavulana hasa huficha mgongo na kifua, na huko ndiko makovu makubwa yanayovimba hupenda kuota.

Ukikuta vinundu vya namna hiyo, au mashimo, au kovu linalovimba, usianze majaribio ya nyumbani. Mpeleke wiki hiyo hiyo. Mpeleke pia kama kwenu kuna ndugu wenye makovu ya kuvimba, hata kama chunusi zake bado ni ndogo.

Zisipokuwa na kina, mnaweza kuanza wenyewe. Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua. Duka la dawa litawauzia tyubu iliyoandikwa benzoyl peroxide. Chukueni ya asilimia 2.5 au 5, kwa maana ya 10 huunguza zaidi bila faida kubwa. Aipake nyembamba eneo zima linaloota chunusi, si juu ya chunusi moja moja, kwanza usiku mmoja na kuruka mmoja. Inachujua rangi ya nguo, kwa hiyo mpeni taulo na foronya nyeupe. Ngozi kukauka kidogo wiki za mwanzo ni kawaida. Wengi hukata tamaa wiki ya pili na kubadilisha dawa, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Mpeni wiki 8 hadi 12, mkipiga picha kila baada ya wiki mbili kwenye dirisha lile lile. Zikipita bila nafuu, ni zamu ya mtaalamu. Madoa meusi yakiongezeka upesi, msisubiri hata wiki hizo ziishe, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi doa moja linaweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi kupona.

Sasa kuhusu krimu inayoahidi uso safi kwa siku tatu. Tunaisema kwa uchungu kwa sababu inaharibu nyuso nyingi. Kuna krimu, na mikorogo inayouzwa kwenye vikopo visivyo na jina, ambazo hutuliza wekundu haraka na kung'arisha uso. Soma viambato: ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ikitumika usoni kwa wiki kadhaa, ngozi inakuwa nyembamba na vipele vipya vinaibuka, vingi vya ukubwa mmoja. Akiiacha, uso unawaka, unawasha na kutoa usaha, naye anairudia akidhani ndiyo dawa yake. Kijana aliyefika hapo anahitaji daktari, na asifokewe.

Kuna mengine yanayofanana na chunusi lakini sivyo. Vipele vidogo vinavyowasha sana kwenye paji la uso na kifuani huenda ni fangasi. Vipele vya kisogoni baada ya kunyolewa kipara huacha makovu magumu, na vina matibabu yake. Msichana mwenye chunusi nzito, hedhi inayoruka miezi na ndevu kidevuni anahitaji uchunguzi wa homoni. Kama chunusi zilianza baada ya dawa ya kifua kikuu au kifafa, mwambieni daktari, lakini msikatishe dawa hiyo.

Mpeleke siku hiyo hiyo, bila kungoja miadi, ukiona: homa na maumivu ya viungo pamoja na chunusi zinazogeuka vidonda, au uvimbe unaosambaa kuelekea jicho. Vivyo hivyo kijana anayesema hataki kuishi. Anayeacha kwenda shule au kujifungia ndani kwa sababu ya uso wake anastahili miadi mapema, hata kama wewe unaona chunusi ni chache.

Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mwombe rufaa ya kliniki ya ngozi. Huko mnaweza kupokelewa na afisa tabibu aliyesomea ngozi badala ya daktari bingwa. Msisite, hiyo ndiyo kazi yake. Bebeni kwenye mfuko kila anachopaka, pamoja na sabuni na mafuta ya nywele, na aende uso mtupu.

Akiandikiwa doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, ameze baada ya chakula kwa glasi nzima ya maji, asilale kwa nusu saa, la sivyo kidonge huunguza koo. Aendelee na dawa ya kupaka, maana antibayotiki peke yake huzaa usugu, yaani vijidudu huizoea dawa. Chunusi kali zaidi hutibiwa kwa vidonge vya isotretinoini, kwa kawaida miezi 4 hadi 6. Inaharibu vibaya mimba, kwa hiyo msichana hupimwa mimba kwanza, na kinga ya mimba huanza mwezi mmoja kabla na kuendelea mwezi mmoja baada ya dawa. Mzazi, mwache mwanao azungumze na daktari faraghani kuhusu hilo. Vidonge hivyo asigawane na rafiki, hata kimoja.